Yesterday, ago, never, already: sentensi ya wakati uliopita ikigoma anzia hapa

Makosa ya vielezi (adverbs, yani maneno ya kusema lini, wapi, vipi au mara ngapi kitu kilitendeka) kwenye Kiingereza cha wakati uliopita ni yaleyale miaka nenda rudi, awe mtu kasoma Tukuyu, Njombe au Mafinga, awe anaandika insha ya kidato cha pili au barua ya kuomba kazi. Na chanzo kikubwa kinajulikana: wengi wetu shule ya msingi tunasoma kwa Kiswahili, tukiingia sekondari karibu masomo yote yanageuka Kiingereza ghafla, kwahiyo kichwa kinaendelea kupanga sentensi kwa Kiswahili alafu mkono ndo unaandika Kiingereza. Hapa nimepanga kwa dalili, yani kile ambacho mwalimu au bosi amekizungushia peni nyekundu, na ndani ya kila dalili sababu inayotokea sana ndo inatangulia.

Kabla hujagusa kielezi chochote fanya kitu kimoja kwanza. Tafuta kitenzi, kipigie mstari, alafu jiulize muda unaotajwa umeshafungwa au bado uko wazi. Jana umefungwa. Wiki iliyopita umefungwa. Mwaka 1998 umefungwa. Wiki hii bado iko wazi, maisha yako bado yako wazi. Watu wanakariri orodha ndefu za vielezi ukutani hostel wakati shida nyingi zinaishia kwenye hilo swali tu, mimi ningekuwa na uwezo ningezichana hizo orodha zote.

Dalili: "I have seen him yesterday" imekatwa

Hii ndo inaongoza. Sababu ya kwanza ni ile -me- yetu. Mtaani mtu anasema "nimemwona jana pale Kabwe" na hakuna wa kumshangaa, japo kitabuni ingekuwa "nilimwona". Sasa hiyo "nime" ukiihamisha kama ilivyo inakuwa "I have", na Kiingereza cha shule hakikubali have au has kukaa pamoja na muda uliofungwa.

Cheki rahisi: iulize sentensi "lini?" Kama inajibu yenyewe, iwe kwa yesterday, last week, three days ago, in 1954 au when I was in Form Two, toa have weka kitenzi cha wakati uliopita. "I saw him yesterday at Kabwe", basi. Mfano mzuri wa kushika kichwani uko kwenye historia ya huku kwetu, ya Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani: "Mkwawa died in 1898, and his skull came back to Kalenga in 1954." Hakuna has died pale wala has come, miaka imeshatajwa. Na kwenye CV ni "I was born in Vwawa in 2001", sio am born, sio have born.

Sababu ya pili, muda wenyewe unayumba. Today, this morning, this week hizi zinategemea unaandika saa ngapi. Ukiwa bado asubuhi unasema "I have drunk two cups of tea this morning", maana asubuhi haijaisha na unaweza kuongeza cha tatu, na kwa baridi ya Uyole mwezi wa saba utaongeza tu. Ikifika alasiri hiyo asubuhi imefungwa, inakuwa "I drank two cups of tea this morning". Neno ni lilelile, kitenzi ndo kinabadilika.

Sababu ya tatu ni since na for. Since inataka mahali pa kuanzia: since Monday, since 2019. For inataka urefu: for two days, for six years. Kwahiyo "since two days" haipo, na "I knew her since 2015" nayo haipo kwasababu bado unamjua, ni "I have known her since 2015".

Hapa kaa kidogo maana for inaweza kukuharibia kazi. For inakubali tensi zote mbili ila maana zinatofautiana kabisa. "I worked at a milling company for two years" maana yake ulishaondoka pale. "I have worked at a milling company for two years" maana yake bado uko pale. Mtu anaandika worked kwenye barua yake, anaitwa kwenye usaili anasema "bado nipo kazini", wanaanza kumwangalia kama anaficha kitu, kumbe ni have imesahaulika.

Dalili: saa uliyoandika haiendani na kilichotokea

"The bus arrived at two in the morning." Mwandishi alimaanisha saa mbili asubuhi, msomaji ameelewa saa nane za usiku. Sarufi iko safi, mwalimu anaweza asiikate, na ndo maana hii naiona ya hatari kuliko zote.

Sababu ni moja, tunahesabu saa kuanzia jua linapochomoza, wao wanahesabu kuanzia katikati ya usiku na katikati ya mchana, tofauti ni masaa sita. Saa mbili asubuhi ni eight in the morning. Saa nane usiku ndo two in the morning. Saa kumi na mbili asubuhi ni six in the morning. Njia ya haraka ni kuangalia saa ya mshale, namba inayotazamana na ile tunayoitaja ndo namba ya Kiingereza. Mbili inatazamana na nane, tatu inatazamana na tisa.

Kama saa ziko sawa ila bado siku inagombana, angalia usiku. "Yesterday night" watu wanaandika sana, Kiingereza cha kawaida ni "last night". Ila yesterday morning, yesterday afternoon na yesterday evening hizo ziko sawa, ni usiku tu ndo unabadilika. "Today morning" iache, sema "this morning". Na usiku wa kuamkia Jumatatu kwa Kiingereza ni "on Sunday night", maana hilo jina la usiku linafuata siku ulikoanzia. Ukiandika "on Monday night" umesogeza tukio siku nzima mbele. Kwa tukio la baada ya saa sita usiku usiliachie jina la usiku peke yake, taja tarehe na uandike a.m.

Onyo: kama hiyo sentensi inaenda polisi, mahakamani au kwenye faili la mgonjwa, usiigeuze mwenyewe. Nimeeleza chini.

Dalili: "before two years", "ago two years", "last two years ago"

Ago inakaa nyuma ya muda siku zote: two years ago, a week ago. Inahesabu kurudi nyuma kutoka sasa hivi unapoongea. Kosa la before linatokea kwasababu tunasema "kabla ya miaka miwili" na pia "miaka miwili iliyopita", mtu anachukua ya kwanza anaitafsiri. Na ile ya tatu imebeba mizigo miwili, last year au two years ago, chagua moja.

Before ina kazi yake, inahesabu kurudi nyuma kutoka tukio lingine lililopita. Ndo maana kwenye kuripoti maneno ya mtu, ago inageuka before: alisema "I arrived two days ago", wewe unaripoti "He said that he had arrived two days before". Ndani ya mtindo huo yesterday inakuwa the day before, last week inakuwa the previous week, now inakuwa then, na kitenzi kinarudi nyuma hatua moja. Mtu anabadilisha kitenzi vizuri kabisa alafu yesterday anaiacha kama ilivyo, maksi inaondoka. Ila kama unaripoti siku ileile aliyosema, yesterday inaweza kubaki maana bado ni jana ileile, hapo wala usiogope, japo kwenye mtihani fuata kanuni uibadilishe.

Dalili: ukanushi umejaa mpaka sentensi haieleweki

"I didn't never went there." Makosa mawili kwenye maneno matano. La kwanza, didn't imeshakana, never nayo inakana, chagua moja. La pili, did imeshabeba wakati uliopita kwahiyo kitenzi kinarudi uchi: didn't go. Never yenyewe haihitaji did, inakaa mbele ya kitenzi cha wakati uliopita: "I never went there."

Tunafanya hivi kwasababu Kiswahili kinaruhusu kurundika, "sikwenda kamwe", "hajawahi hata siku moja", inakaa vizuri tu. Hardly, rarely na seldom nazo zimeshabeba ukanushi kidogo ndani yake: "I hardly slept", sio "I didn't hardly slept".

Ukishatoa ukanushi wa pili na bado kuna kitu hakijakaa, rudi kwenye lile swali la muda kufungwa. "Sijawahi kufika Kitulo" ni maisha yako yote mpaka leo, bado yako wazi: "I have never been to Kitulo." "Nilipokuwa naishi Njombe sikuwahi kufika Kitulo" ni kipindi kilichokwisha: "I never went to Kitulo when I lived in Njombe."

Jirani yake ni already na yet. "Nimeshakula" ni "I have already eaten", "sijala" ni "I have not eaten yet". Ukisikia kwenye muvi mtu anasema "I already ate" au "I didn't eat yet" hajakosea kwao, Marekani wanaongea hivyo sana. Shuleni kwetu tunafuata cha Uingereza, kwahiyo kwenye karatasi weka have. Kama kuna tukio lingine lililopita la kupimia ndo inakuja had: "When we reached Uyole, the bus had already left." Hiyo had inakwambia kipi kilitangulia, ukiiweka peke yake bila tukio la pili msomaji anabaki anauliza kabla ya nini.

Dalili: maneno yote sahihi ila mwalimu amechora mshale kukihamisha kielezi

Sababu ya kwanza na inayotokea kila siku: umeweka kielezi katikati ya kitenzi na kitu kinachotendwa. "I ate quickly the food." "I liked very much the rice from Kyela." Kwetu "nilipenda sana mchele wa Kyela" ni tamu kabisa, kwao kitenzi na kitu chake havitenganishwi. "I ate the food quickly." "I liked the rice from Kyela very much." Au kielezi kitangulie kitenzi: "The Hehe completely defeated the German column at Lugalo in 1891." Unaweza kusema defeated the German column completely, huwezi kusema defeated completely the German column.

Sababu ya pili ni vielezi vya mara ngapi, always, often, usually, never. Mbele ya kitenzi cha kawaida: "She always came late." Nyuma ya was na were: "She was always late." Kukiwa na kitenzi kisaidizi kama had au didn't kinakaa baada yake: "She had always come late", "She didn't always come late." Hii ya mwisho ipime vizuri, maana "She always didn't come" ni kitu kingine, na mara nyingi sicho ulichotaka kusema.

Sababu ya tatu ni vielezi vingi mwishoni vimegombania nafasi. Kwa kawaida namna inatangulia, mahali, alafu muda: "He drove slowly down Kitonga last night." Kitenzi kikiwa cha kwenda au kurudi, mahali panaweza kutangulia namna, "He went home quickly", na muda unaweza kuhamia mwanzo kabisa wa sentensi ukitaka kuukazia, "Last night he drove slowly down Kitonga". Kitu ambacho hakikubaliki ni muda kujibanza katikati: "He last night drove".

Alafu kuna almost, nearly na only, hizi peni nyekundu inaweza isizione kabisa. Chukua mfanyabiashara wa viazi anayeelezea safari yake ya mzigo. "I almost lost all the money": nusura apoteze hela zote, ila hakupoteza hata mia. "I lost almost all the money": zimebaki za nauli. Maneno ni yaleyale, almost imeruka nafasi moja tu. Only hivyohivyo, "Only I bought potatoes", ni mimi peke yangu niliyenunua, "I bought only potatoes", sikununua kingine. Cheki yake ni kuliweka lile neno kugusana na kitu unachotaka kukipunguza, alafu soma kwa sauti.

Dalili: kielezi chenyewe kimekatwa au kimegeuza maana

Hapa nipite haraka haraka, ni mambo ya kushika tu. Hard ni kwa bidii, hardly ni kwa shida au karibu na hapana. Barua ya kumdhamini mtu ikisema "She worked hardly for three years" umemwambia mwajiri mpya kwamba dada wa watu alikuwa hafanyi kazi. Late ni kwa kuchelewa, lately ni siku za karibuni: "He came late." Fast haina fastly. Friendly na lovely zina ly mwishoni lakini sio vielezi, sema "He spoke in a friendly way". Timu ilicheza well, hata kama mtangazaji amesema good.

Too kwa maana ya sana, hii imetapakaa huku kila kona. "I was too happy" kwao inabeba maana kwamba furaha ilizidi kipimo mpaka ikaleta shida. Kama ulifurahi tu ni very happy.

Na "I went there everyday" itenganishe, every day. Ikiungana inakuwa sifa ya kitu, kama everyday clothes. Some time ago ni zamani kidogo, sometimes ni mara mojamoja, ukiandika "sometimes ago" hakuna anayekuelewa.

Kama umeandika "I went to home" au "went to there", "went to abroad", toa to. Home, here, there, abroad na upstairs zenyewe zimeshabeba "kwa". Ila ukitaja nyumba ya nani to inarudi: "I went to my uncle's home."

Dalili: sentensi haina kosa ila haijulikani ni ya jana au ya kila siku

"I put the keys on the table." Ilishatokea au ndo kawaida yako? Put, cut, hit, set na let hazibadiliki wakati uliopita, na read inabadilika matamshi tu. Kwa I, you, we na they kielezi ndo kinabeba wakati, kwahiyo usikitoe: "I put the keys on the table last night." Kwa he na she s inakusaidia, "He put" bila s ni ya zamani tayari.

Dalili: No sooner na Hardly zimekaa mwanzo na zimekataa

"No sooner we reached Igawilo when the rain started." Vielezi vya ukanushi vikikaa mwanzo wa sentensi vinalazimisha mpangilio wa swali: "No sooner had we reached Igawilo than the rain started." No sooner inaoana na than. Hardly na scarcely zinaoana na when. Never nayo hivyohivyo, "Never did I see such rain", did imeingia kwahiyo kitenzi ni see, sio saw. Wanaotunga mitihani wanaipenda sana hii, ila kwenye barua ya kazi au meseji ya bosi iache kabisa, andika "The rain started as soon as we reached Igawilo" uendelee na maisha.

Hapa acha, mpelekee mtu wa kazi hiyo

Mengi hapo juu unarekebisha mwenyewe kwa peni. Kuna mahali usijaribu. Hati ya kiapo, maelezo ya polisi, mkataba, nyaraka za ubalozi na maelezo ya ugonjwa yanayopelekwa hospitali ya nje, hizo zinataka wakili au mtafsiri anayetambulika na kule unakozipeleka. Kosa la masaa sita kwenye kiapo linaweza kukuonyesha uko barabarani wakati ulikuwa umelala, na "I took the medicine for three days" na "I have taken the medicine for three days" zinampa daktari picha mbili, moja umeshaacha dawa, nyingine bado unameza.

Tasnifu ya chuo au ripoti ya utafiti nayo, kama msimamizi ameirudisha zaidi ya mara moja kwa tensi zilezile, usiendelee kubahatisha kurasa themanini peke yako, tafuta mwalimu wa Kiingereza au mhariri akae na wewe kwenye sura moja tu mpaka uone unapokosea, zilizobaki utazimaliza. Kama ni mwanafunzi na umesahihisha aina moja ya kosa wiki baada ya wiki bila mabadiliko, beba daftari lenye makosa yenyewe umpelekee ticha, usiende kumwambia "vielezi vinanisumbua" maana atakurudisha kwenye orodha ya ukutani.

Programu za kutafsiri kwenye simu zinasaidia kwa neno mojamoja, ila saa zetu zinaweza zikageuzwa kama zilivyo, mbili ikawa two, na -me- ikawa have hata pale penye jana. Kwahiyo ukienda kwa mtafsiri au wakili mpelekee maandishi yako ya Kiswahili yaleyale ya mwanzo, yenye saa za Kiswahili na tarehe kwa namba, usimpelekee kile Kiingereza cha simu, na kabla ya kusaini mwombe akusomee kwa sauti kila mahali palipo na saa, siku au ago.